KUPANDISHA MAJI KATIKA UWANDA WA MAKONDE

Mtu asimamaye Newala penye ukingo wa uwanda, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huiona nchi yote ya chini imelala wazi hadi upande wa Mto Ruvuma. Maji yako kule chini, naye yuko juu. Ndani ya picha hiyo limo tatizo zima la maji la Wamakonde, nalo ndilo tutakalo kulizungumza na wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wanaofanya kazi katika pampu, mabomba na mitambo. Jambo hili limezoea kusemwa kana kwamba ni habari ya ukame. Kwa kweli ni habari ya ufundi, na yafaa lipimwe kwa vipimo vya fundi.

Mvua hunyesha katika uwanda ule. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hunyesha ya kutosha kuotesha mikorosho, mihogo na vile vichaka vizito ambavyo zamani viliwaficha watu wasikamatwe na wavamizi na wauza watumwa. Lakini udongo wa juu ni wa mchanga, na chini yake ni tabaka nene za mawe ya mchanga. Maji ya mvua hayasimami wala hayatiririki; huzama moja kwa moja, yakaenda chini sana, kisha yakatokeza kama chemchemi kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo sababu Ndanda, iliyo chini ya mteremko upande wa Masasi, ina chemchemi nzuri, na aliye juu yake hana hata kijito. Maji ni yale yale. Yamempita chini ya miguu.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule wa Leipzig, alifika Masasi na Newala, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 akaeleza habari za watu hawa wakaao juu na kuteka maji chini. Wageni wengi baada yake wamestaajabu vivyo hivyo. Sisi hatuna haja ya kustaajabu, maana waliopanda kule walikuwa na sababu zao, na usalama wa roho ulikuwa wa kwanza. Gharama ya usalama huo walilipa akina mama, kwa vichwa vyao na magoti yao.

Hebu tuipige hesabu gharama hiyo. Mama mwenye uzito wa kilo 55 anabeba debe la lita 20, yaani kilo 20, akapanda mteremko wa mita 250. Mzigo anaouinua si kilo 20, ni kilo 75, kwa kuwa hawezi kuuacha mwili wake bondeni. Basi katika kila sehemu 100 za nguvu anazozitoa, 73 zimeinua mwili wake mwenyewe, na 27 tu ndizo zilizoinua maji. Na hapo hatujahesabu mwendo wa kuteremka, wala foleni ya kisimani, wala saa za usingizi zilizopotea. Hakuna mhandisi awezaye kuukubali mtambo wa namna hiyo, lakini mtambo huu ulitumika vizazi kwa vizazi kwa sababu haukuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Katika miaka ya 1950 likaanza Shirika la Maji la Makonde, nalo likaanza kuyapandisha maji kwa mtambo kutoka bondeni, na jina la Mitema, katika bonde la Kitangari, likajulikana kila kijiji. Habari zilizofuata nchini kote ni ndefu, nasi tutazipitia kwa haraka. Mwaka 1965 Serikali ilichukua gharama zote za ujenzi wa miradi ya maji vijijini, mwaka 1970 ikachukua na za uendeshaji, mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20 ili kila mtu apate maji umbali usiozidi mita 400. Watu wa Finland walishughulika na maji ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sera ya mwaka 1991 ikarudisha uchangiaji, ikafuatwa na ile ya mwaka 2002, na mwaka 2019 sheria mpya ikaunda RUWASA. Juni 2022 ilitiwa saini mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na eneo la Makonde limo katika orodha hiyo. Sera zimebadilika mara nyingi. Kimo cha uwanda hakikubadilika hata mita moja.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tutatoa mfano wa hesabu, nao ni mfano tu, si vipimo vya mradi wowote uliopo. Tuseme maji yapandishwe mita 400, kwa bomba lenye urefu wa kilomita 20, lita 30 kwa kila sekunde, usiku na mchana. Maji hayo ni mita za ujazo karibu 2,600 kwa siku, nayo yatosha watu 100,000 kwa lita 25 kila mmoja. Mfano huu wafaa kwa nchi kama ile.

Jambo la kwanza ni msukumo. Safu ya maji yenye kimo cha mita 400 husukuma kwa kilo 40 juu ya kila sentimita ya mraba. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa kilo 2 tu, basi bomba la chini kabisa, pale penye pampu, hubeba mara ishirini ya gurudumu hilo. Ukiwa na bomba la upana wa sentimita 20 ukalifunga mwisho wake kwa kifuniko cha chuma, maji yatakisukuma kifuniko hicho kwa uzito wa tani 12 na nusu. Ni kama lori zima lililojaa korosho limeegemea juu ya boliti chache na gasketi moja. Na bomba likikata kona ya mraba, kona hiyo husukumwa kwenda nje kwa tani karibu 18, mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo maana mafundi humwaga zege kubwa nyuma ya kona za mabomba. Mpita njia hudhani zege lile ni alama ya mpaka; mwingine hulichimba pembeni ili apate mchanga wa kujengea. Siku bomba linapochomoka katika kiungo chake watu huulaumu mtambo.

Kwa msukumo wa namna hiyo chuma cha bomba chahitaji unene wa milimita 4 hivi ili kiwe salama, kabla ya kuongeza unene wa kungojea kutu, na kabla ya kuongeza wa kungojea mapigo, ambayo tutayaeleza. Hapo mhandisi hupata njia mbili. Aweza kupandisha maji yote kwa mruko mmoja, kwa pampu yenye magurudumu mengi yaliyopangwa katika mhimili mmoja, kila gurudumu likiongeza msukumo juu ya lile lililotangulia. Au aweza kuugawa mlima: pampu ya kwanza inapandisha mita 200 hadi kwenye tangi, na pampu ya pili inachukua hapo na kupandisha 200 nyingine. Njia ya pili hutaka mabomba mepesi na ya bei nafuu. Lakini sasa una vituo viwili, mota mbili, wahudumu wawili, na ikiwa kimoja kimesimama vyote vimesimama. Twaona watu wengi huisifu njia ya vituo vingi kwa kuwa ni rahisi kujenga. Anayeisifu na akae miaka kumi katika kituo cha kati, mbali na barabara, akingojea beringi kutoka Dar es Salaam.

Jambo la pili ni msuguano, nalo twaomba msomaji atuvumilie kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi huzama bila mtu kuona. Maji yakipita ndani ya bomba hujisugua katika kuta zake, na pampu hulazimika kuyasukuma zaidi, kama kwamba mlima umeongezeka. Tulisema mama hupoteza nguvu kwa kuinua mwili wake. Basi msuguano ndio mwili wa pampu. Tofauti ni kwamba mwili wa mama hauwezi kupunguzwa, na huu waweza.

Katika mfano wetu, bomba la milimita 200 kwa urefu wa kilomita 20 huongeza mlima wa mita 93 kwa msuguano peke yake. Pampu haipandishi mita 400 tena, yapandisha 493. Sasa tuseme mtu wa manunuzi, kwa nia njema ya kuokoa fedha, ameagiza bomba la milimita 150. Limepungua upana kwa robo tu. Je, msuguano umeongezeka kwa robo? La. Kwa maji yale yale, msuguano huongezeka kadiri ya upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tano, kwa hiyo umeongezeka zaidi ya mara nne. Mita 93 zimekuwa 392. Mnunuzi yule amejenga uwanda wa pili wa Makonde juu ya ule wa kwanza, na sasa pampu itapanda milima miwili kila siku hadi bomba litakapong'olewa.

Kwa umeme hesabu yake ni hii. Tukikadiri kwamba pampu na mota kwa pamoja hutoa kazi ya sehemu 60 kwa kila 100 za umeme zinazoingia, mita moja ya ujazo, yaani madebe 50, hugharimu uniti 2 na robo kwa bomba pana, na uniti 3 na sehemu 6 kwa bomba jembamba. Kwa siku nzima tofauti ni zaidi ya uniti 3,500. Kila siku, Jumapili na sikukuu. Nani hulipa? Huwa katika bei ya debe, au huwa katika deni la umeme la mradi, na deni likizidi mota huzimwa na akina mama hurudi bondeni. Mtu aweza kupita mlolongo wote huo, kutoka kijiti cha kupimia upana wa bomba hadi kisogo cha mama mwenye debe, bila kukutana na mhalifu yeyote.

Wala hatusemi kwamba bomba likizidi kupanuka faida huendelea vivyo hivyo. Ukilifanya la milimita 250 msuguano hushuka kutoka mita 93 hadi 30, ni faida, lakini si kama ile ya kwanza, na chuma kimeongezeka. Kuna mahali pa kusimama, napo hupatikana kwa kalamu, kwa kulinganisha bei ya chuma cha leo na bei ya umeme wa miaka 20. Kosa ambalo tumeliona likirudiwa katika miradi ya maji ni kulinganisha bei ya chuma cha leo na bei ya chuma cha leo, basi.

Ndiyo sababu twasema kwamba habari ya pampu mpya, ambayo hupendwa sana katika hotuba, isikilizwe kwa uangalifu. Ukiongeza pampu kubwa katika bomba lile lile la zamani ili upate maji mara mbili, msuguano hautaongezeka mara mbili, utaongezeka mara nne. Wananchi wakiitwa mkutanoni wasomewe mpango, wana haki ya kuuliza kwanza upana wa bomba, kisha urefu wake, kisha kimo, na mwisho kabisa ndipo waulize pampu ina nguvu kiasi gani. Mtu akiweza kuyajibu matatu ya kwanza bila kufungua faili, mradi una mwenyewe.

Jambo la tatu ni pigo la maji. Lori lililobeba magunia ya korosho likisimama ghafla, magunia huteleza mbele na kukigonga kibanda cha dereva. Maji katika bomba la kilomita 20 ni mzigo wa tani zaidi ya 600 unaotembea. Umeme ukikatika, pampu husimama kwa sekunde chache. Maji yaliyo mbele huendelea kupanda kwa mwendo wake, yakiacha nyuma upungufu wa msukumo. Kisha huchoka, hugeuka, na kurudi chini kwa nguvu. Yakiikuta vali ya kuzuia maji kurudi imechelewa kufunga, huifunga yenyewe kwa kishindo, na kishindo hicho hukimbia katika bomba kwa mwendo wa kilomita moja na zaidi kwa sekunde. Kwa maji yaendayo karibu mita 1 kwa sekunde, kama katika bomba letu la milimita 200, pigo hilo laweza kufika mita 117 juu ya zile 400. Katika bomba jembamba, ambamo maji hukimbia mita 1 na sehemu 7, pigo ni mita 208. Yule mnunuzi wetu amerudi tena.

Watu wengi hudhani kwamba kufunga vali taratibu ni kuhesabu hadi kumi. Katika bomba la urefu huu kishindo huchukua sekunde zipatazo 33 kwenda juu hadi mwisho na kurudi. Afungaye vali kuu kwa nusu dakika, kwa bomba hilo bado amefunga kwa ghafla. Mhudumu mzoefu hutumia dakika kadhaa, huku akisikiliza, na mgeni humwona mvivu. Na dhidi ya kukatika kwa umeme, ambako hakumngoji mhudumu, vifaa vipo: gurudumu zito lililofungwa katika mhimili ili pampu isisimame mara moja, tangi lenye hewa iliyobanwa kando ya bomba, na vali za hewa katika sehemu zilizoinuka. Vyote vimo katika vitabu, na vyote ndivyo hukatwa kwanza bajeti inapopunguzwa, kwa kuwa siku ya ufunguzi maji hutoka bila ya hivyo.

Tukija kwenye joto, ndugu zetu waliofanya kazi na injini za dizeli hawahitaji kuambiwa. Katika lita moja ya dizeli, theluthi moja hivi huwa kazi, theluthi hutoka katika bomba la moshi, na iliyobaki huchukuliwa na rejeta na mwili wa injini. Katika mfano wetu theluthi ile ya kazi hupandisha madebe 80 kwa bomba pana, na madebe 50 kwa bomba jembamba. Mengine yote ni kupasha moto hewa ya bonde. Basi banda la injini likijengwa kwa madirisha madogo ili mwizi asiingie, na rejeta ikavuta ile ile hewa iliyokwisha kuipasha, injini huchemka saa nane mchana, hupumzishwa hadi jioni, na mji hukosa maji kwa sababu ya dirisha.

Mota ya umeme nayo ina joto lake, ila halionekani. Mtwara inao umeme wa gesi ya Mnazi Bay, lakini njia ya waya hadi vijiji vya uwanda ni ndefu, na umeme ukisafiri mbali kwa waya hupungua nguvu. Mota inayotakiwa kufanya kazi ile ile kwa umeme uliopungua sehemu 10 kwa mia huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa sehemu 11, na joto la waya zake huongezeka kwa sehemu 23, kwa kuwa joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Kanuni ya mafundi husema kila nyuzi 10 za joto zinazozidi hupunguza umri wa kihami cha waya kwa nusu. Mota haifi siku hiyo. Hufa baada ya miaka miwili badala ya kumi, na aliye zamu siku hiyo ndiye huandikiwa barua. Kifaa cha kukata umeme unapopungua ni kidogo na bei yake si kubwa; lakini kikikata mara tatu kwa siku, kuna watu hukifungia waya kisikate tena. Tumeliona jambo hilo mahali kadhaa, na hatuna neno la upole juu yake.

Kisha kuna mchanga. Visima vilivyochimbwa katika mawe ya mchanga hutoa chembechembe visipochujwa vizuri, nazo hulisaga gurudumu la pampu na pete zake kama jiwe la kunolea kisu. Pengo lililokuwa nusu milimita huwa milimita moja na nusu; maji huzunguka ndani ya pampu badala ya kupanda; sauti haibadiliki, umeme unaliwa kama kawaida, bali tangi la juu halijai. Mgonjwa huyu hana homa. Hujulikana kwa kupima tu: saa ya msukumo pale penye pampu, na mita ya maji juu ya bomba. Katika vituo vingi saa hiyo ilikufa zamani na kioo chake kimepasuka. Nasi twasema kituo kisicho na saa ya msukumo kinaendeshwa na kipofu, hata kama mhudumu ana macho mazuri.

Kwa beringi tutasema neno moja tu, kwa kuwa limekwisha kuvunja pampu nyingi. Wapo wanaoijaza grisi mpaka inafurika, kana kwamba ni mafuta ya kujipaka baada ya kuoga. Beringi iliyojaa kupita kiasi hukoroga grisi yake, hupata moto, grisi huyeyuka ikatoka, na mwisho beringi hubaki kavu kama ile ambayo haikutiwa kabisa.

Pia vipuri. Kila mfadhili huja na pampu ya nchi yake, na baada ya miaka 30 ghala huwa kama soko la nchi za nje: pete za huku hazivai mhimili wa kule, nyuzi za boliti za inchi hazikubaliani na za milimita. Mhandisi awezaye kuchagua aina mbili za pampu na kuzikataa nyingine zote, hata zikitolewa bure, ameufanyia uwanda ule jambo kubwa kuliko aletaye ya tatu.

Hata maji yakisha kufika juu, kazi haijakwisha. Tundu la milimita 5, ambalo penseli haiingii, katika bomba la mtaani lenye msukumo wa mita 40, hutoa zaidi ya madebe 1,400 kwa siku. Maji hayo yamekwisha kulipiwa umeme wote wa kupanda, kama uniti 64. Katika udongo mwingine yangetoka juu, yakafanya dimbwi, watoto wakacheza, mtu akatoa taarifa. Mchanga wa Makonde huyanywa yote kimya. Kwa hiyo kule Newala na Tandahimba tundu haliwezi kungojewa lionekane. Lazima litafutwe, usiku wa manane watu wanapokuwa wamelala na vituo vimefungwa, kwa kutazama kama mita ya tangi bado inazunguka. Hii ni kazi ya kijana mmoja, baiskeli moja na tochi, nayo hurudisha maji mengi kwa gharama ndogo kuliko kisima kipya.

Masasi iliyo chini, katikati ya vile vilima vya mawe, hesabu yake ni nyingine, na ni kosa kuipelekea dawa ya Newala au kuipelekea Newala dawa ya Masasi. Pampu ya mkono ya Nira, aina ya AF 85, ambayo watu wa Finland waliitengeneza na kuieneza, huvuta maji kutoka kina cha mita zipatazo 15, na mtoto huiweza. Katika mabonde ni kifaa chema. Juu ya uwanda, ambako maji yako chini mno, ingekuwa pambo. Masasi yenyewe na Nachingwea wana chanzo cha Mbwinji. Na kwa vijiji vilivyo miguuni mwa uwanda, penye chemchemi ziangukazo, kipo kile kipampu kipigacho kwa nguvu ya maji yenyewe bila mafuta wala umeme: maji mengi yakianguka mita 5 huweza kuyarusha machache juu mita 100, kama sehemu 3 kwa kila 100. Ni kidogo, lakini hayalali.

Tumebakiwa na bati. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, na tukikubali kwamba sehemu ya tano itapotea, hukusanya madebe zaidi ya 1,700. Familia itumiayo madebe 6 kwa siku hupata maji ya miezi tisa na nusu. Shida ni pa kuyaweka. Ili yavuke siku 200 za kiangazi yahitaji shimo lililojengwa kwa saruji la mita 3 kwa 4, kina mita 2, lenye kifuniko, na chujio mlangoni, na desturi ya kuyamwaga maji ya mvua ya kwanza kwa kuwa yameosha vumbi la kiangazi chote. Wengi kule juu wamekwisha kujichimbia mashimo kama hayo, mengine makubwa, mengine ya kujaribu tu, bila mradi na bila ufunguzi. Maji ya bati yana sifa moja ambayo hakuna pampu itakayoweza kushindana nayo: yalikuwa juu tangu mwanzo. Fundi mwashi ajuaye kupiga plasta isiyovuja, na mwenye nyumba awezaye kununua mifuko ya saruji kabla ya Oktoba, hao ndio wa kukutanishwa sasa, wakati mkopo wa chama cha ushirika ungalipo na bei ya korosho ya msimu imekwisha kujulikana.